Ubia wa Serikali na Vijiji katika Kulinda Wanyamapori: Mafunzo kutoka Burunge



Oktoba 2013 Serikali yetu ya Tanzania ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Haikudumu. Bungeni kulifika malalamiko ya wananchi waliopigwa, walionyang'anywa mifugo na hata waliokufa, operesheni ikasitishwa, na Desemba mwaka huohuo mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Tembo nao walikuwa wanakwisha: sensa ya 2009 ilihesabu takriban 109,000 nchini, ya 2014 ikakuta takriban 43,000.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ubia na jamii huzungumzwa mno kana kwamba ni hisani wanayofanyiwa wanavijiji. Mimi nauona kinyume chake. Askari mwenye bunduki na gari hawezi kujua nani kalaza wageni wenye risasi za tembo, ikiwa kitongoji kizima kimeacha kuzungumza naye. Anayehitaji msaada hapo ni Serikali.

Msingi wa kisheria tunao. Sera ya Wanyamapori ya 1998 ilifungua mlango, kanuni za 2002 zikaweka utaratibu wa jumuiya za hifadhi za vijiji, ambazo sote tumezoea kuziita WMA, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ikazitambua. Mkutano mkuu wa kijiji huridhia kutenga sehemu ya ardhi. Kijiji huandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Vijiji jirani huunda jumuiya yenye katiba. Wizara ikiridhika huipa jumuiya haki ya kutumia wanyamapori na kuingia mikataba na wawekezaji. Ardhi hubaki ya kijiji, wanyama hubaki mali ya umma chini ya Serikali. Twiga huyohuyo, basi, ana wenyewe wawili: anayemmiliki na anayemlisha.

Tutazame Burunge, wilayani Babati. Jumuiya hii ya vijiji kumi iko kati ya Hifadhi ya Taifa Tarangire na Ziwa Manyara, penye ushoroba wa Kwakuchinja unaokatwa na barabara kuu ya Arusha na Dodoma. Kiangazi wanyama hujaa kandokando ya Mto Tarangire. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia hutawanyika nje ya hifadhi kutafuta malisho na kuzaa. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, inalinda ndani ya mpaka. Nje ya mpaka mwenye kauli ni kijiji, na kikiamua kugawa mashamba kote, Tarangire itabaki zizi.

Je, ubia umezaa matunda? Kwa upande wa wanyama, ndiyo. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba eneo la Burunge lililotengwa lilikuwa na wanyamapori wengi na mifugo michache kuliko maeneo ya jirani yasiyotengwa, hasa baada ya usimamizi kuimarishwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na askari wa wanyamapori wa vijiji, vijana wanaojua kila korongo na kila mfugaji kwa jina.

Kwa upande wa fedha, maneno ni mengine. Kanuni ziliagiza angalau asilimia 50 ya mapato ya jumuiya iende vijijini, asilimia 25 iendeshe jumuiya na asilimia 15 iendeleze rasilimali. Burunge iligawa sehemu ya vijiji sawa kwa sawa. Kijiji chenye kambi za watalii kikapata sawa na kisicho na hata moja, na wanakijiji wa Minjingu wakafikia kudai kujitoa. Hoja yao ina uzito, ingawa sikubaliani nayo yote, maana tembo halali kambini tu. Hupita mashamba ya vijiji vyote. Kanuni ya haki ingepima ukubwa wa ardhi iliyotengwa pamoja na mazao yaliyoliwa. Zaidi ya hapo, ada hupitia mfumo wa malipo wa Serikali kabla mgawo haujarudi kwa jumuiya, na mgawo ukichelewa, askari wa kijiji anakwenda doria bila posho. Majangili hawasubiri mgawo.

Kuhusu kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo kwa walioathiriwa na wanyamapori, nitasema machache. Kanuni za 2011 hazikukusudia kulipa thamani yote ya hasara, na madai husafiri kutoka ofisi ya kijiji hadi wilayani hadi wizarani. Mkulima huwa amekwisha kununua mahindi ya kula. Kuna faida zaidi katika kuzuia: huko Enduimet, Magharibi mwa Kilimanjaro, vikundi vya wanakijiji hukesha mashambani na tochi zenye mwanga mkali, honi, baruti za pilipili na fataki, tembo wakageuzwa kabla hawajala.

Wala WMA si njia pekee. Mwaka 2005 kampuni za utalii zilikubaliana na kijiji cha Terrat, Simanjiro, kukilipa kila mwaka ili mbuga ya malisho isilimwe. Ng'ombe na nyumbu wakaendelea kula pamoja. Mkataba wa aina hiyo mzee yeyote wa boma anauelewa: fulani analipa kiasi fulani, kwa sababu fulani, nasi hatulimi. Nadhani wataalamu tumedharau wepesi huo.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba sehemu ya vijiji iingie moja kwa moja katika akaunti ya jumuiya siku mwekezaji anapolipa, Serikali ichukue yake vivyo hivyo. Posho za askari wa vijiji zitengwe kabla ya vikao na semina, ikiwemo hii ninayoihutubia. Na kila mkataba wa mwekezaji usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kila kijiji kabla ya kutiwa saini, nakala yake ibaki kwa mtendaji, na anayetaka kuisoma asiambiwe arudi kesho.