Nafasi Nne za Wategemezi

Ndugu watumishi wa umma wa Kariakoo na Ilala, kila mwezi mshahara wenu hukatwa asilimia 3 kuchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, naye mwajiri huongeza asilimia 3. Mchango huo humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne: watoto, wazazi au wakwe. Hapo ndipo penye uamuzi mgumu. Twawasihi msijaze fomu kwa haraka dirishani. Shaurianeni kwanza nyumbani. Mkiwa nyote wawili ni watumishi, msimwandike mtoto mmoja mara mbili, gawaneni nafasi. Wala mama mwenye kisukari asisahauliwe kwa kuwa yuko kijijini. Asiyeandikwa hatatibiwa kwa kadi yenu.