VITENZI VYENYE MKIA KATIKA LUGHA YA KIINGEREZA
Maneno ya hotuba kwa watu wazima wanaojifunza Kiingereza



Kuna ujumbe mfupi uwezao kuitia nyumba nzima msibani bure. Mtu akimpelekea nduguye aliye mbali habari ya kwamba baba yao "has passed out", maana yake ni kwamba mzee amezimia, na huenda kabla ya jua kutua akawa ameketi kitandani akiomba uji. Lakini akiandika kwamba "has passed away", mzee hayupo tena duniani, na jamaa hawana budi kufunga safari. Kitenzi ni kile kile, "pass", yaani kupita. Kilichobadilika ni kijineno kimoja kinachokifuata. Na kama kwamba hayo hayatoshi, kiko pia "pass on", ambacho mara huwa ni kumpa mwingine kitu au habari iliyopokewa, na mara huwa ni kufa.

Vitenzi vya namna hii, vyenye mkia, ndivyo vimsumbuavyo mwanafunzi wa Kiingereza kuliko maneno marefu ya vitabuni. Wala si jambo la kuona haya. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa huko London mwaka 1755, alieleza katika dibaji yake kwamba mtindo huu wa kugeuza maana ya kitenzi kwa kijineno cha nyuma huwapa wageni taabu kubwa kabisa. Waingereza wenyewe walivitumia kwa karne nyingi bila kuvipa jina maalum. Jina la "phrasal verbs" lilionekana katika kitabu cha Logan Pearsall Smith kilichotolewa mwaka 1925, naye alisema kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Msemaji wa Kiswahili asidhani kwamba jambo hili ni geni kwake. Mtu apigaye pasi hampigi mtu, wala apigaye picha, wala apigaye magoti. Mgeni akiyasikia hayo huuliza ni nani aliyeumizwa. Kadhalika Kiswahili chaweza kuipindua maana ya kitenzi kwa silabi moja tu. Akimbiaye mji na akimbiliaye mji hawaelekei upande mmoja. Ahamaye Mombasa na ahamiaye Mombasa wapishana njiani. Na ole wake mgeni amwambiaye mama mwenye nyumba kwamba chakula chake chanuka, hali alitaka kusema chanukia! Basi kile ambacho Kiswahili hukificha ndani ya kitenzi, Kiingereza hukiweka nje, kikaonekana kama neno la pekee. Lakini si la pekee. "Put off" ni neno moja lenye vipande viwili, na yafaa lijifunzwe hivyo.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huzoea kwamba "put" ni kuweka, kisha hutaka kuipata maana ya "put off" kwa kujumlisha. Hesabu hiyo haifanyiki. "Put off" ni kuahirisha. "Put out" ni kuzima moto au taa. "Put up with" ni kuvumilia. Kweli, viko vingine visivyo na fumbo lo lote, kama "sit down" na "come in", ambavyo hata mtoto huvielewa. Na viko vya katikati. Katika "eat up", "drink up" na "use up" kijineno "up" hakimaanishi juu hata kidogo, bali huonyesha kwamba kitu kimeliwa, kimenywewa au kimetumiwa mpaka kikaisha. Anayelijua hilo huweza kufahamu vingine vingi vya jamii hiyo bila kuuliza.

Katika Kenya makosa mengine yamekuwa desturi. Mtu husema, "I will pick you at four o'clock," akikusudia kwamba atakuja na gari kumchukua mwenzake saa kumi. Mjini Nairobi kila mtu humwelewa, na hakuna haja ya ugomvi. Lakini Mwingereza aliyezoea lugha ya kwao husikia kwamba mtu huyo atachaguliwa, au hata atachumwa kama embe, kwa maana kuja kumchukua mtu ni "pick up". Hapa mkia umekatwa. Pengine huongezwa pasipo haja: watu husema "cope up with", hali yatosha kusema "cope with". Kosa la tatu hukaa mahali pabaya zaidi, yaani mwishoni mwa barua ya kuomba kazi, ambapo mwombaji huandika kwamba "I look forward to hear from you". Sharti iwe "hearing". "To" ile si dalili ya kitenzi kinachofuata, bali ni sehemu ya mkia wa "look forward to". Ni kosa dogo, lakini ndilo neno la mwisho analolisoma bwana wa kazi kabla ya kuiweka barua upande huu au upande ule.

Kwa mfanyakazi vitenzi hivi si mchezo wa darasani. Kuajiriwa ni "to be taken on"; ombi lililokataliwa ni "turned down". Aliye "laid off" ameachishwa kazi kwa sababu kazi imepungua, si kwa kosa lake, na tofauti hiyo ina uzito anapodai haki zake au anapotafuta kazi nyingine. Ajue pia kwamba "call for a strike" ni kuitisha mgomo, na "call off a strike" ni kuufuta. Mwanachama asomaye tangazo kwa haraka, akaliona neno "call" na neno "strike" na kuviruka vijineno, aweza kukaa nyumbani siku ambayo wenzake wote wamerudi kazini.

Jambo jingine ni mahali pa kuliweka jina la kitu kinachotendwa. Yaruhusiwa kusema "put off the meeting", na yaruhusiwa pia "put the meeting off". Lakini jina likiondolewa na mahali pake pakiwekwa "it", njia hubaki moja tu: "put it off". Hakuna asemaye "put off it". Kwa upande mwingine, "look after", yaani kutunza, haikubali kutenganishwa kamwe. Husemwa "look after the child" na "look after her". "Look her after" si Kiingereza. Sikio nalo husaidia, kwa kuwa katika "put it off" sauti hukazwa kwenye "off".

Huenda mtu akauliza kwa nini asitumie "postpone", "extinguish" na "tolerate", akaepukana na mashaka yote. Aweza, na katika barua rasmi mara nyingi yafaa. Maneno ya namna hiyo yana asili ya Kilatini, na mengi yaliingia katika Kiingereza baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, moja kwa moja au kwa kupitia Kifaransa, yakawa maneno ya mahakama na ya wasomi. Nyumbani na shambani watu waliendelea kusema kwa vitenzi vifupi vya asili. Ndiyo maana amwambiaye mwenzake jikoni "extinguish the fire" husikika kama askari asomaye amri. Isitoshe, hata asipovitumia mwenyewe, atavisikia kila siku, na kuepuka kusema hakumwepushi mtu na kusikia.

Njia mbaya ya kujifunza ni kukariri orodha ya "get" na mikia yake ishirini kwa usiku mmoja. Asubuhi yote huwa imechanganyika. Njia njema ni kukiandika kitenzi pamoja na sentensi nzima ambamo kilisikika, kisha kukitafuta katika kamusi iliyotungwa kwa wanafunzi. A. S. Hornby, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza huko Japani, alitunga pamoja na wenzake kamusi ya namna hiyo iliyotolewa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 ikachapishwa upya na Oxford University Press. Matoleo yake mapya yangali yakitumiwa. Ndani yake vitenzi vyenye mkia hukusanywa mwishoni mwa maelezo ya kitenzi chenyewe, na jinsi kila kimoja kilivyoandikwa huonyesha mahali pa kitu kinachotendwa. Palipoandikwa "put something off", kitu chaweza kukaa katikati. Palipoandikwa "look after somebody", mtu yule sharti akae nyuma.