Usingoje Mpaka Mtu Avunjike: Wakati wa Kutafuta Msaada kwa Jeraha la Moyo

Mazungumzo na wajumbe wa kamati za amani za mitaa, Mangina, eneo la Beni, Kivu ya Kaskazini



Tumezoea kukutana kuzungumza juu ya mipaka ya mashamba, wakimbizi wa ndani na vijana waliotoka porini. Leo nimeombwa kujibu swali ambalo wengi wenu huliuliza pembeni, mkutano ukiisha, kwa sauti ya chini: nitajuaje kwamba mimi, au mtu wa nyumbani kwangu, anahitaji mshauri wa kisaikolojia?

Wengi hufikiri kwamba msaada huo ni wa mtu aliyekwisha kupoteza akili, anayetembea uchi sokoni. Sivyo. Unapaswa kutafutwa mapema zaidi, pale jeraha la moyo linapoanza kutawala siku za mtu.

Tuliyoyapitia

Tangu Oktoba 2014, raia wa eneo la Beni wameuawa kwa mapanga na risasi. Wengine walitekwa, nyumba zikachomwa. Kisha tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola, na hapa Mangina ndipo ulipoonekana kwanza. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa waliugua, na kati yao 2,287 walikufa. Familia nyingi hazikumwosha maiti wao wala kumgusa. Waliopona walirudi nyumbani, na majirani wengine wakaogopa hata kuwapa mkono.

Mtu aliyepita katika hayo akakosa usingizi, akashtuka mlango ukigongwa, akalia bila kutaka, huyo si mwendawazimu. Katika siku na majuma ya kwanza mambo hayo ni ya kawaida. Kwa watu wengi hupungua polepole, hasa wakiwa na ndugu karibu, chakula, usalama na kazi ya kufanya. Basi tutatofautisha vipi? Jiulize maswali matatu.

1. Ni muda gani sasa?

Ndoto mbaya, kuona tukio upya kana kwamba linatokea leo, kukwepa njia au watu wanaokukumbusha: yakiendelea zaidi ya mwezi mmoja bila kupungua, tafuta msaada. Huzuni nzito au kukosa hamu ya jambo lolote, karibu kila siku kwa majuma mawili na zaidi, nayo ni dalili. Msiba una muda wake mrefu. Mjane anaweza kulia baada ya mwaka na akawa mzima. Tuangalie kama polepole anarudi kwenye maisha, au anazidi kuzama.

2. Limemzuia kufanya nini?

Mama hawezi tena kupika wala kumnyonyesha mtoto. Baba haendi shambani, ingawa wenzake wanakwenda. Mwanafunzi aliyekuwa hodari hawezi kufuata somo. Mtoto mkubwa ameanza tena kukojoa kitandani. Mtu aliyekunywa kasiksi siku ya sherehe sasa anakunywa kila jioni ili apate usingizi. Mzee anaumwa kichwa na tumbo kila siku, amepimwa malaria na mengine, na hakuna kilichoonekana. Tusiseme haraka kwamba ni uvivu, ulevi au uchawi. Anza na kituo cha afya, kwa maana ugonjwa wa mwili nao unaweza kuleta dalili hizo. Mwili ukionekana salama, uliza juu ya moyo.

3. Je, kuna hatari?

Hapa hatungoji mwezi wala juma. Mtu akisema heri afe, akiaga watu au kugawa mali yake bila sababu, akimpiga mke au watoto kwa hasira asiyoweza kuizuia, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, apelekwe kwa daktari au muuguzi siku hiyohiyo. Usiogope kumwuliza waziwazi: "Unafikiri kujiua?" Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa za kuulia wadudu, kamba na silaha.

Kwa nini tunachelewa?

Sababu ya kwanza ni aibu. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Hapa petu tulilijifunza jambo hili kwa uchungu. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, dawa nne za Ebola zilijaribiwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mbili zikaonekana kuokoa watu wengi zaidi. Majaribio hayohayo yalionyesha kwamba waliofika mapema walipona zaidi kuliko waliojificha nyumbani siku nyingi. Jeraha la moyo haliambukizi kama Ebola, lakini katika hili linafanana nayo: kadiri unavyowahi, ndivyo inavyokuwa rahisi kusaidiwa.

Sababu ya pili ni kuogopa kwamba siri itatoka, na mji wetu ni mdogo. Ni haki yako kumwuliza mshauri kabla ya kuanza: "Nitakayokuambia yatabaki wapi?" Mshauri wa kweli atakujibu wazi. Atakueleza pia kwamba maisha ya mtu yakiwa hatarini, hawezi kunyamaza.

Sababu ya tatu ni kudhani kwamba anayekwenda kwa mshauri amepungukiwa imani. Sala na dawa si maadui. Mtu anaweza kusali asubuhi na kumwona mshauri mchana. Lakini kumfunga mgonjwa kamba, kumnyima chakula au kumkataza dawa zake, hiyo si tiba.

Je, inasaidia?

Ndiyo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji vya mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Katika vijiji fulani wanawake walipewa tiba ya mazungumzo kwa vikundi, vikao 12. Katika vingine walipata msaada wa mmoja mmoja. Waliotoa huduma walikuwa wasaidizi Wakongomani waliofunzwa, si madaktari wakubwa. Miezi sita baada ya tiba, katika vikundi ni wanawake 9 tu kwa kila 100 waliobaki na dalili kubwa za huzuni au wasiwasi. Kwa wengine walikuwa 42 kwa kila 100. Na vita havikuwa vimekwisha.

Katika tiba hiyo hakuna anayekulazimisha kusimulia yote siku ya kwanza. Unajifunza kutuliza mwili, kutazama upya mawazo yanayokuhukumu, kama "mimi ndiye niliyesababisha mwanangu afe", na kurudi hatua kwa hatua kwenye yale uliyoyaacha. Wazee wetu Wanande walikuwa na kyaghanda, mahali pa kuketi kando ya moto na kusemezana. Walijua kwamba neno lililokaa ndani peke yake huoza.

Sisi wapatanishi

Mwisho ninasema nasi wenyewe. Mjumbe wa amani husikiliza vilio vya watu kila juma, naye mwenyewe amezika. Mwenye jeraha lisilotunzwa huweza kukaa katikati ya pande mbili, na bila kujua akaegemea upande mmoja, au akalipuka kwa neno dogo. Uvumi wa jioni moja kwamba jirani ni msaliti hushika haraka ndani ya moyo ambao haujalala majuma mengi. Hivyo ndivyo jeraha la mmoja linavyogeuka kuwa vita vya mtaa. Kutunza moyo ni kazi ya amani.

Naomba tuondoke na maamuzi matatu. Tusimlazimishe mtu yeyote kutoa ushuhuda wa mateso yake mbele ya mkutano. Kila kamati ijue jina la muuguzi au msaidizi wa kisaikolojia katika kituo cha afya kilicho karibu, ili mtu akiuliza, ajibiwe saa ileile. Na tusiishie kumwambia mtu "nenda". Tumwambie "twende", tumsindikize mpaka mlangoni, kisha tumngojee nje.

Sasa tuulizane maswali.