Sheria Bila Baraza: Wambuti, Wanande na Demokrasia Chini ya Utawala wa Kijeshi



Mwezi wa Desemba 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uchaguzi ya Kongo, CENI, ilitangaza kwamba mji wa Beni, mji wa Butembo na teritori ya Beni havitapiga kura pamoja na nchi nzima. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama mdogo. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliambiwa wasubiri hadi tarehe 31 Machi 2019, na Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari, kabla hata hawajapewa karatasi za kura. Tarehe 30 Desemba, watu wa Beni walikwenda kwenye uwanja wa Kalinda. Walinawa mikono kama wahudumu wa Ebola walivyowafundisha, wakapanga foleni, wakapiga kura zao wenyewe, kisha kura zikahesabiwa mbele ya macho ya wote. Kura hizo hazikuingia katika hesabu yoyote ya serikali, lakini hoja ya ugonjwa zilikuwa zimeijibu: watu walioruhusiwa kwenda sokoni na kanisani walionyesha kwamba wanaweza kupiga kura bila kuambukizana. Wanande ni wengi hapa kwetu. Siku ile walijua maana ya kuwa wachache, yaani kuamuliwa na watu wa mbali, kwa sababu inayotajwa kuwa ni kwa faida yako, bila mahali pa kukata rufaa. Naanzia hapo kwa sababu jambo nitakalolitetea linawahusu Wambuti, watu wa asili wa msitu wa Beni na Lubero, na wengi wetu tumezoea kulisikia kama jambo la huruma. Mimi naliona kuwa jambo la demokrasia, lile lile tulilolidai Kalinda.

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri zinatawaliwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Nafasi ya gavana ilipewa jenerali, za mameya wa miji na wasimamizi wa teritori zikapewa wanajeshi au polisi, na bunge la jimbo likafungwa. Wabunge wa jimbo waliochaguliwa Desemba 2023 hawakupewa nafasi ya kuketi na kufanya kazi waliyotumwa. Wapo watakaoniambia kwamba yote haya ni halali, na wana haki ya kusema hivyo: Katiba ya 2006, katika kifungu cha 85, inampa Rais uwezo wa kutangaza hali hiyo, na kifungu cha 156 kinaruhusu mahakama za kijeshi kushika nafasi ya mahakama za kiraia. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 144, inaweka siku 30, kisha nyongeza za siku 15 zinazopitishwa na bunge. Aliyeandika siku 15 alikuwa na dharura mawazoni, si mfumo wa kutawala. Nyongeza hizo zikirudiwa kwa miaka, kila moja yaweza kuwa halali peke yake, na zote kwa pamoja zikazaa kitu ambacho wananchi hawakukipigia kura mwaka 2005 walipoikubali Katiba.

Sasa tumtazame Mmbuti ndani ya mfumo huo. Tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa sahihi sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili, na kwa mara ya kwanza taifa likakiri kwa maandishi kwamba watu hawa wana mila zao, wana haki juu ya ardhi wanayoishi kimila, na wanastahili kufika shuleni, hospitalini na mahakamani. Ni sheria njema, na waliopigania ipatikane wanastahili shukrani. Lakini sheria ya namna hii haitembei yenyewe. Inahitaji maazimio ya jimbo, bajeti ya jimbo, na mbunge wa kumwuliza gavana imefika wapi. Katika jimbo letu ilizaliwa wakati ambapo ukumbi wa kuulizia maswali hayo umefungwa. Miezi michache kabla yake, tarehe 1 Aprili, mahakama ya kijeshi ya Beni iliwahukumu vijana 12 wa vuguvugu la kiraia la LUCHA kifungo cha miezi 12, kosa lao likiwa maandamano ya amani ya kupinga utawala huu huu. Mwaka mmoja ulitoa haki kwenye karatasi na kuwafunga waliozidai barabarani.

Shuka chini zaidi, hadi kwenye kesi ndogo. Mwanamke wa Kimbuti aliyefukuzwa msituni na vita anaishi pembeni mwa mashamba ya watu. Anashtakiwa kuchukua mkungu wa ndizi. Zamani jambo hilo lingekwisha mbele ya mwami, yaani chifu wa kimila, au likipanda sana lingefika kwenye mahakama ya amani. Amri za 2021 zilihamisha makosa ya jinai kwenda kwa waamuzi wa kijeshi, ambao ni wachache, wana mafaili ya waasi na ya mauaji, na hawana mkalimani wa lugha yake. Huyu hana wakili, hana ndugu mjini wa kumpelekea chakula, na gereza la Kangbayi limejaa kupita kiasi kwa miaka mingi. Mkungu wa ndizi unageuka miezi ya kifungo bila hukumu. Tajiri wa Butembo naye anaumizwa na mahakama za kijeshi, sikatai, lakini ana simu ya kupiga. Kanuni moja ikiwapiga watu wasio sawa haiwaumizi sawasawa, na ndiyo maana siwezi kukubali kwamba hali ya dharura haibagui kabila.

Pingamizi kubwa ni la usalama, nami silichukulii kijuujuu, kwa maana mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014 na kila familia iliyoko hapa imezika. Inasemwa: kwanza watu wabaki hai, haki zitafuata. Basi tuulize kama mpango huo ulileta uhai. Machi 2023, karibu miaka miwili baada ya wanajeshi kushika madaraka yote, waasi wa ADF waliwaua watu zaidi ya 30 Mukondi. Juni 2024 wakaua makumi Mayikengo, na Septemba 2025 wakawavamia watu waliokuwa kwenye matanga Ntoyo, huku kwetu Lubero. Luofu, huko huko Lubero, ilikwisha kujua somo hilo mapema. Aprili 2009, operesheni za jeshi dhidi ya waasi wa Kihutu wa FDLR zikiwa zimeanza, FDLR walikuja kulipiza kisasi kwa raia; nyumba zaidi ya 250 zilichomwa, na watoto watano waliteketea ndani. Sisemi askari hawana kazi. Wengi wao wamekufa kwa ajili yetu, na hakuna baraza la raia linaloweza kuizuia ADF kwa mikono mitupu. Nasema kuwa na jeshi vitani ni jambo moja, na kumpa jeshi ofisi ya meya, kodi ya soko na kesi ya ndizi ni jambo lingine. Hilo la pili halijaonyesha kwamba linaokoa maisha. Tena ajuaye njia za msitu kuliko wote ni Mmbuti. Serikali ikimfanya mtu wa kushukiwa, kama katika ile kesi ya ndizi, inajinyima habari ambazo zingewahi kuwaonya wanavijiji.

Wengine watauliza kwa nini wachache wapewe sheria yao, na kama hiyo haitaleta mgawanyiko katika nchi iliyochoka na migawanyiko. Kusini mwa Lubero tumeona mgawanyiko unatoka wapi. Novemba 2016, wanamgambo wa Mai-Mai walivamia Luhanga na kuua Wahutu zaidi ya 30 waliokuwa wamekimbia vita, wakati kabla ya hapo, Januari mwaka huo huo, FDLR walikuwa wameua Wanande Miriki, jirani na Luofu. Hakuna sheria ya wachache iliyosababisha hayo. Yalisababishwa na hali ambamo mtu asiye na mahali pa kudai shamba lake au maisha yake humtafuta mwenye bunduki wa kabila lake. Nigeria nako, mwaka 1995, utawala wa Sani Abacha ulimnyonga Ken Saro-Wiwa na Waogoni wenzake wanane kwa hukumu ya mahakama maalumu isiyo na rufaa. Utulivu uliotarajiwa haukuja katika Delta ya Niger, zikaja bunduki. Kwa upande mwingine, Julai 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliosema kwamba Kongo ilivunja haki za Watwa, nao pia watu wa asili, waliofukuzwa katika hifadhi ya Kahuzi-Biega. Miongo ilipita kabla ya kufikia hapo, lakini walidai kwa karatasi na mashahidi, na walisikilizwa.

Kwa hiyo, mashirika ya kiraia ya Beni, Butembo na Lubero yanapodai hali ya dharura iondolewe, nayaomba yaongeze madai matatu ndani ya barua ile ile. Kesi za raia zirudi zote kwa mahakimu wa kiraia, na Mmbuti apate mkalimani na wakili wa bure. Bunge la jimbo likifunguliwa, azimio la kutekeleza sheria ya 2022 liwe miongoni mwa ya kwanza, likiwa na fedha zake. Na wawakilishi waliochaguliwa na Wambuti wenyewe waketi kwenye vikao vya usalama vya teritori, si kuitwa siku ya picha. Najua dai la ardhi litawagusa baadhi ya waliomo ukumbini humu, kwa kuwa mashamba mengi ya kakao pembezoni mwa msitu yalianzishwa pale Wambuti walipokuwa wakiwinda. Mazungumzo hayo yatakuwa magumu, na yanapaswa kufanywa na raia na raia, mbele ya mwami na mbele ya hakimu, kabla bunduki ya mtu yeyote haijaitwa kuyaamua.