Bomba la Hewa la Lori Wakati wa Masika



Lori la chama lipitalo Mbagala au Tegeta huvuta vumbi wakati wa kiangazi na kukuta madimbwi wakati wa masika, Machi hadi Mei. Hata nje ya masika hakuna salama: mvua za Desemba 2011 zilifurisha bonde la Msimbazi. Ndiyo sababu wenye malori wa Temeke na Kinondoni huwaendea mafundi wa kuchomelea, wawapandishie mdomo wa hewa hadi juu ya paa.

Kazi hiyo ni njema iwapo maungio hayavuji. Ufa mdogo kati ya chujio na injini ni hatari kuliko kukosa bomba, maana vumbi huingia bila kuchujwa, likazisaga silinda na ringi za pistoni. Kipande cha mpira kilichofungwa kwa waya, ambacho madereva hukiita matengenezo, hakifai. Bomba jembamba nalo huinyima injini pumzi. Moshi mweusi ndio dalili yake.

Katika nchi za theluji yapo magari yavutayo hewa iliyopashwa moto na ekzosi. Kuyaiga Dar es Salaam ni kupunguza nguvu tu.

Maji hayashindiliki kama hewa. Yakijaa silindani, mkono wa pistoni hupinda. Injini ikizimika majini, dereva asipige stata, wala lori lisisukumwe likiwa kwenye gia, hata kama katibu anahimiza mzigo uwahi. Nozeli zifunguliwe kwanza, maji yatolewe, chujio likaushwe. Oili ikionekana nyeupe kama maziwa, imwagwe yote.