Kwa Nini Mtu Aandike Hadithi za Nyanya Zetu?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja)



 Nimeombwa niseme juu ya vitabu vya hadithi, na najua wengine wenu mnajiuliza: sisi tumekuja kusikia habari za mbuzi wa maziwa na mikopo, hadithi zatuhusu nini? Vumilieni kidogo. Mtaona kwamba zinatuhusu, tena zinafika mpaka kwenye mashamba yetu.

Swali ni hili: ni kitu gani kinachomsukuma mtu mwenye shughuli zake akae chini aandike riwaya ya mwanamke wa zamani? Nitachukua mfano wa hapa kwetu Kenya.

Daktari Margaret Ogola alizaliwa mwaka 1958 na akafariki mwaka 2011. Alikuwa daktari wa watoto, na kule Nairobi alisimamia makao ya Cottolengo yanayotunza watoto yatima wenye virusi vya Ukimwi. Tena alikuwa mke na mama wa watoto. Mtu kama huyo hakukosa kazi, si ndiyo? Hata hivyo mwaka 1994 alitoa kitabu kiitwacho The River and the Source, yaani mto na chemchemi yake. Mwaka uliofuata kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na pia tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu bora cha kwanza kutoka Afrika. Watoto wetu wengi wamekisoma sekondari kwa ajili ya mtihani wa KCSE. Mkiwa na mtoto aliyekisoma, mwambieni awasimulie jioni.

Hadithi yenyewe inaanza Nyanza, kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Kuna msichana anaitwa Akoko, binti wa chifu. Anaolewa na chifu wa mahali pengine, anafanya kazi kwa bidii, anapata mali. Kisha mume anafariki, na mtoto wake wa kiume anafariki pia, akiacha mtoto mchanga. Shemeji ananyakua kiti na mali. Je, Akoko alikaa akilia? Hapana. Alifunga safari mpaka Kisumu, kwa wakubwa wa serikali ya kikoloni, kudai haki ya mjukuu wake. Kitabu kinaendelea na binti yake Nyabera, mjukuu wake Awiti, halafu watoto wa Awiti. Ni vizazi vinne vya wanawake, kila mmoja amesimama juu ya mabega ya aliyemtangulia.

Sasa, alipata wapi mambo haya? Mimi naona mambo matatu.

Kwanza, alisikiliza. Daktari Ogola mwenyewe alieleza kwamba chanzo cha kitabu ni mama yake, aliyempa hekima na masimulizi ya akina nyanya waliotangulia. Hakuanzia maktaba. Alianzia nyumbani, kwa mama yake. Lakini kusikia peke yake hakutoshi. Wengi wetu tulisikia masimulizi tukiwa wadogo karibu na moto, na leo tukiulizwa jina la mama yake nyanya, tunanyamaza.

Pili, ni kule kukosekana kwa jina la mwanamke katika maandishi. Hebu tufikirie kidogo. Kuanzia mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliandikisha wanaume Waafrika wenye umri wa miaka 16 na zaidi, nao wakabeba kipande shingoni. Ilikuwa aibu na mzigo, lakini angalau jina la mwanamume likabaki kwenye karatasi. Kodi ya nyumba pia ilidaiwa kwa jina la baba mwenye boma, ingawa mara nyingi ni mama aliyeuza mtama au kuku ili ilipwe. Mtu akienda leo kutafuta katika karatasi za zamani, atampata chifu, atampata mlipa kodi. Mama aliyeuza kuku hatampata.

Ndiyo maana mwandishi anabuni. Mtaniuliza: kubuni si kusema uwongo? Hapana. Mwandishi mzuri habadilishi yale yanayojulikana. Reli ilifika mwaka ule ule, mila zilikuwa zile zile, njaa na vita vilitokea. Lakini maneno ambayo mama alimwambia binti yake kisimani hayakuandikwa popote. Hapo ndipo mwandishi anaposhona kipande kilichopotea, akitumia uzi wa kweli.

Muthoni Likimani naye alifanya hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1985, Passport Number F.47927, kinachosimulia maisha ya wanawake wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952: kazi za kulazimishwa, kuchimba mahandaki, kulea watoto huku waume wako kizuizini au msituni. Angalieni jina lenyewe. Mwanamke alikuwa haandikwi kabisa, na alipoandikwa akawa nambari. Mwandishi akaichukua ile nambari akairudishia uso, sauti na watoto wa kulisha.

Tatu, mwandishi anasukumwa na shida ya leo. Mtu haandiki habari za zamani kwa sababu anapenda zamani tu. Msomeni Akoko, halafu mtazame kijiji chenu. Hakuna mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji? Sisi tunaofanya kazi za jamii tunakutana naye kila mara. Amekuja na watoto, hana hati, hana hata cheti cha kifo cha mume. Anaambiwa, "Mila yetu ndiyo hivyo, mwanamke harithi." Lakini Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamtambua mjane na inawatambua mabinti. Katiba ya mwaka 2010 nayo inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi. Sheria ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni moyo wa kufunga safari. Mama huyu akisikia kwamba kuna mwingine aliyefunga safari hata kabla hakujawa na barabara, hatajiona ni mkorofi. Atajua kwamba kudai haki si ugeni ulioletwa na semina.

Na nyinyi akina baba msikunje uso. Mwandishi huyu hakuwatukana wanaume. Mume wa Akoko alimpenda na kumheshimu. Kitabu kinaonyesha kwamba boma linasimama vizuri wote wawili wanapoheshimiana.

Haya, tufanye nini? Si lazima kila mmoja awe mwandishi wa vitabu. Lakini kila kikundi kina daftari la akiba. Nunueni daftari la pili. Mkutano mmoja kila mwezi, mwacheni mama mzee mmoja asimulie: alizaliwa wapi, aliolewaje, alifanya nini wakati wa njaa, nani alianzisha kikundi hiki, nani alichimba chemchemi. Kijana anayejua kuandika aandike kwa lugha ya nyumbani, maneno ya mzee yenyewe, bila kuyapamba. Andikeni jina lake kamili na jina la mama yake. Kama kuna jambo hataki lisomwe mbele ya watu, liheshimuni. Msingoje mwaka ujao, kwa sababu wazee hawatungoji.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nani anajua jina la mama yake nyanya? Alikumbukwa kwa jambo gani?
2. Katika kijiji chetu, ni kazi gani iliyofanywa na akina mama lakini ikaandikwa kwa jina la mtu mwingine?
3. Je, kuna mjane miongoni mwetu anayehitaji mtu wa kumsindikiza ofisini? Nani ataenda naye, na siku gani?