Somo: Nyumba yenye Watoto Wengi ni Chuo cha Kwanza



Leo tufundishane juu ya jambo lililomo katika nyumba zetu nyingi, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Ni habari ya watoto waliokutana chini ya paa moja pasipo kuzaliwa na mama mmoja. Mjane ameolewa, akaja na watoto wake. Mume naye anao wa marehemu mkewe. Kisha ndugu amekufa, na yatima wake wameletwa. Tangu vita vya mwaka 1993, vilivyoanza Walikale vikaenea Masisi, nyumba za namna hii zimeongezeka sana.

Mimi nami nililelewa katika nyumba kama hiyo. Mama alipofariki, baba alioa mjane. Sisi tulikuwa watano, wake walikuwa wanne, tena wakaja yatima wawili wa shangazi. Baadaye nilipelekwa chuoni. Huko walimu walitufundisha kusema kweli, kutogusa mali ya mwenzio, na kungoja zamu. Leo nikitazama nyuma, naona kwamba chuo kilinipa majina ya mambo niliyokwisha kuyaona jikoni. Mama wa kambo alipogawa maharagi, aliwapa kwanza wale yatima wawili, kisha sisi wengine, mdogo kabla ya mkubwa. Hakutueleza sababu. Lakini mtoto aonaye hivyo kila jioni huijua haki kabla hajaisoma katika kitabu.

Ikumbukeni nyumba ya Yakobo. Wana kumi na wawili, mama wanne. Baba akamshonea mmoja kanzu nzuri, wengine akawaacha wakitazama. Mwisho ndugu wakamwuza ndugu yao kwa vipande 20 vya fedha. Ndugu zangu, wivu ule haukuzaliwa na wingi wa mama. Ulizaliwa na mkono usiogawa sawa. Hata hivyo Mungu hakuiacha nyumba ile: yule aliyeuzwa ndiye aliyewapa nafaka wakati wa njaa.

Tunaye shahidi wa karibu pia. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria katika chuo kikuu. Akiwa kijana alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na wanafunzi wa shule ya sekondari. Watoto wa barabarani, wale waitwao maibobo, aliwahesabu kuwa wadogo zake. Alikula nao, akawasaidia wasome. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kupima bidhaa. Watu walimpa fedha ili aache chakula kilichoharibika kipite mpakani. Alikataa. Mwezi wa saba mwaka 2007 alitekwa, akauawa, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma.

Kwa nini alikataa? Sheria aliijua, ni kweli. Lakini wengi wameisoma sheria na mkono wao ukapokea. Mtu aliyezoea kuketi na watoto wasio wake hawezi kuwauzia sumu, maana anajua ni nani atakayekula.

Basi, tuje kwetu. Shule zikifunguliwa, fedha hutosha mtoto mmoja, na walio tayari ni watatu. Baba huwaza usiku: nimpeleke wangu, au wa marehemu ndugu yangu? Sisemi kwamba ni jambo jepesi. Nasema, lisiamuliwe kwa siri. Mume na mke wakae pamoja, wawataje watoto wote kwa majina, wasichana na wavulana, wapange zamu, na waiseme zamu hiyo mbele ya watoto. Aliyebaki mwaka huu ajue mwaka wake. Mtoto huvumilia kungoja. Asichovumilia ni kujua kwamba hakuhesabiwa.

Tena maneno haya, “mtoto wako” na “mtoto wangu”, yasisikike tena nyumbani. Yosefu wa Nazareti hakumzaa Yezu. Alimlisha, akamfundisha useremala, akakimbia naye Misri usiku. Watu wakamwita Yezu mwana wa seremala. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Maswali ya kujibiwa nyumbani:

Ni nini kilichowafarakanisha wana wa Yakobo? Ni upendeleo wa baba.

Mwenye heri Floribert aliwaonaje maibobo? Aliwaona kuwa ndugu zake.

Nani anayekula mwisho katika nyumba yetu, na kwa nini? Swali hili kila mmoja alijibu mwenyewe, leo jioni, sufuria inapoepuliwa.

Mungu awabariki, awalindie watoto wote mliokabidhiwa. Amina.